Si Kila Kimya ni Ridhaa: Miaka 12, Hatimiliki na Haki ya Asiyekuwepo



Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wakulima wengi wanaishi juu ya ardhi ambayo haikupatikana kwa karatasi. Ilipatikana kwa panga na jembe, kwa mgao wa baba kwa mwanawe, kwa ununuzi uliofanyika mbele ya majirani, au kwa mkono wa uongozi wa kijiji. Mpaka unajulikana kwa mimea iliyopandwa na wazee, kwa kijito, au kwa kaburi la babu. Kwa miaka mingi watu hawa hawakuona haja ya hati, kwa sababu kila aliyewazunguka aliijua habari yao.

Hali hiyo imebadilika. Mashahidi wa zamani wanafariki. Wakulima na wafugaji wa mikoa jirani wanahamia. Barabara na migodi, kama mradi wa nikeli wa Kabanga wilayani Ngara, inahitaji ardhi, na anayelipwa fidia bila usumbufu ni yule anayeweza kuthibitisha alichonacho. Kwa hiyo kila mtu sasa anauliza: mimi niliyekaa hapa tangu ujana wangu bila karatasi, nitaipataje hati?

Katika kulijibu swali hilo, kauli mbili zimeenea. Ya kwanza ni ya vijiweni, nayo inasema: ukikaa miaka 12 ardhi ni yako, hakuna wa kukuuliza. Ya pili husikika misikitini, nayo inasema: Uislamu haujui ukomo wa muda, haki haifi, basi kitukuu anaweza kufufua madai ya babu yake wakati wowote. Sisi tunaona kwamba kauli zote mbili zina kasoro, na kwamba kasoro zake si za kielimu tu. Kwa kauli ya kwanza mjane na dada wananyang'anywa, na kwa kauli ya pili mkulima mtulivu anatolewa shambani kwake. Tutazipima zote mbili kwa sheria ya nchi na kwa maneno ya wanazuoni.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba ardhi ya Tanzania Bara inaendeshwa kwa sheria moja kwa watu wote, Waislamu na wasio Waislamu. Hatuileti fiqhi hapa ili ichukue nafasi ya baraza au mahakama. Tunaileta iwe mizani ya kupimia uadilifu wa tunayoyatenda, na iwe hukumu ya nafsi kwa yule anayejua moyoni mwake namna shamba lilivyomfikia.

HAKI ILITANGULIA HATI

Wapo wanaodhani kwamba asiye na hati hana haki, na kwamba serikali inapomwandikia ndipo inapomzalia haki hiyo. Historia ya sheria zetu haisemi hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa na Waingereza, iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Lakini mwaka 1928 ilirekebishwa ili haki ya kukalia ardhi ihusishe pia wenyeji waliokuwa wakiitumia kwa mujibu wa mila zao, ingawa hawakuwa na karatasi yoyote.

Haki hiyo ilitikiswa mwaka 1992, ilipotungwa sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na kuwafungia mlango wa mahakama wale waliodai mashamba yao. Mkulima mmoja wa mkoani Arusha, Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe, wakaipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila ya kukalia na kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ikasema katika kifungu cha 18 kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali.

Kwa hiyo mkulima wa Ngara anapokwenda kuomba hati, haendi kuomba apewe shamba. Anakwenda kuomba haki aliyonayo iandikwe. Hati ni shahidi wa haki, nayo siyo iliyoizaa.

Hapa ndipo tunapohitilafiana na fikra iliyoletwa na mchumi wa Peru, Hernando de Soto, katika kitabu chake cha mwaka 2000, fikra iliyochangia kuanzishwa kwa MKURABITA mwaka 2004. De Soto anaona kwamba mali ya maskini isiyosajiliwa ni mtaji mfu, kwa kuwa haiwezi kuwekwa rehani benki. Wanafiqhi nao wana msamiati wa ardhi mfu, lakini wameutumia kwa maana iliyo kinyume. Kwao ardhi mfu ni ile isiyo na mwenyewe na isiyofanyiwa kazi. Ikishachimbwa kisima, ikalimwa, ikapandwa miti, imehuishwa, na aliyeihuisha anaimiliki. Haya ndiyo mafundisho yaliyopokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) katika vitabu vya Sunan, pamoja na tahadhari kwamba jasho la dhalimu katika ardhi ya mwenziwe halimpi haki. Shamba la migomba lililolisha vizazi vitatu si mfu hata kidogo. Anayeliita hivyo kwa sababu benki hailitambui amekosea mahali pa kutafutia uhai.

Hatusemi kwamba hati haina faida. Qur'ani imetuhimiza kuandika madeni na kuweka mashahidi, na kuandika ardhi kunastahiki zaidi. Tunachosema ni kwamba lengo la kwanza la hati liwe amani baina ya majirani na baina ya warithi. Rehani ya benki ije baadaye, kwa anayeihitaji na kwa masharti anayoyaona ni halali.

MIAKA 12 INASEMA NINI HASA

Muda wa miaka 12 umo katika sheria zetu mahali pawili tofauti, na watu wengi wanazichanganya habari hizo mbili.

Mahali pa kwanza ni Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971. Hiyo inasema kwamba mtu anayetaka kudai ardhi mahakamani afanye hivyo ndani ya miaka 12 tangu haki yake ya kudai ilipoanza. Muda huo ukipita, mlango wa mahakama unafungwa. Mahali pa pili ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kinachohusu uhakiki wa mashamba kabla ya kutoa hati. Hicho kinamtambua mtu aliyeikalia ardhi ya kijiji kwa mujibu wa mila kwa muda usiopungua miaka 12, kwa amani, kwa uwazi na bila kukatizwa. Kifungu hiki ndicho mlango wa aliyekaa muda mrefu bila karatasi. Lakini angalia, ndugu msomaji, kwamba hakikusema miaka 12 peke yake. Amani, uwazi na mfululizo ni masharti, na asiyeyatimiza hata akifika miaka 30 hajaingia mlangoni.

Mahakama zetu nazo hazikulegea katika jambo hili. Mwaka 1967, katika shauri la Shabani Nassoro na Rajabu Simba, Mahakama Kuu ilionyesha kwamba inasita kuwabughudhi watu waliokalia na kuendeleza ardhi kwa miaka mingi. Huo ni upande mmoja wa uadilifu. Upande wa pili ulielezwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2018, katika shauri la wadhamini wa Masista wa Roho Mtakatifu dhidi ya January Kamili Shayo na wenzake 136. Humo ilisisitizwa kwamba aliyeingia katika ardhi kwa idhini ya mwenyewe hawezi kuigeuza idhini ile kuwa umiliki, hata akae muda gani. Mgeni aliyekaribishwa atabaki mgeni. Mpangaji atabaki mpangaji. Aliyeachiwa shamba alitunze ni mwenye amana.

Basi kauli ya vijiweni imekwisha kuanguka kwa sheria ile ile inayodai kuisimulia.

WANAZUONI NA KUPITA KWA MUDA

Tuje kwenye kauli ya pili, ya wale wanaosema kwamba Uislamu haujui ukomo wa muda. Hii ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayohitajika.

Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yameenea kwetu Afrika Mashariki, hakuna muda unaoua dai. Kuna kanuni mashuhuri kwao kwamba aliyenyamaza hanasibishwi na kauli yoyote. Lakini madhehebu hayo hayo hayakumwacha mwenye kukalia bila kinga. Mali ikiwa mkononi mwa mtu, yeye ndiye anayesadikiwa kwa kiapo chake mpaka mdai alete ushahidi. Tena Imam Nawawi, katika Minhaj, amepitisha kwamba inajuzu mashahidi kumshuhudia mtu kuwa ni mmiliki kwa kumwona ameikalia mali na kuitumia kwa muda mrefu matumizi ya mwenye mali, kama kuishi, kujenga, kubomoa, kuuza na kuweka rehani. Kwa hiyo hata Shafi anaupa muda uzito, ila anaupa kama ushahidi wa haki.

Wafuasi wa Imam Malik wamekwenda mbali zaidi katika mlango wanaouita hiyaza, yaani kuishika na kuitumia mali. Malik mwenyewe, kama ilivyo katika Mudawwana, hakupanga idadi ya miaka bali aliachia ijtihadi ya mtawala. Rabia ndiye aliyetaja miaka 10, na idadi hiyo ndiyo iliyotulia katika madhehebu. Mtu baki akishika shamba miaka 10 na kulitumia, kisha akaja mdai aliyekuwepo muda wote, akiona, akinyamaza bila kizuizi, dai lake halisikilizwi. Tazama masharti yao: mdai awe amekuwepo, awe amejua, awe ameweza kusema, na asiwe ndugu wala mshirika. Tena ikijulikana kwamba aliyeshika aliingia kwa kukodi, kwa kuazimwa au kwa amana, muda haumfai kitu.

Wahanafi katika dola ya Kiothmani walifika mahali panapofanana na hapo kwa njia ya amri ya Sultani kwa makadhi. Majalla, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa mwaka 1876, ilizuia makadhi kusikiliza madai mengi baada ya miaka 15, na madai ya asili ya wakfu baada ya miaka 36. Lakini ikaeleza kwamba muda unaohesabiwa ni ule uliopita bila udhuru. Mtoto mdogo ana udhuru. Mwenye wazimu ana udhuru. Aliye katika nchi ya mbali ana udhuru. Na anayemhofia mtu mwenye nguvu aliyemtawala pia ana udhuru. Kisha Majalla ikaweka msingi mkubwa: haki haifutiki kwa kupita kwa muda. Ikiwa mdaiwa atakiri mbele ya kadhi kwamba mali ni ya mwenziwe, muda wote ule hautamsaidia.

Huu ndio mkusanyiko wa maneno yao. Muda unaweza kufunga mlango wa kadhi ili ugomvi uishe, lakini hauhalalishi kilichoporwa. Aliyechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma, Hadithi ya Said bin Zayd (r.a.) katika Bukhari na Muslim imemwonya kwamba atavishwa shingoni tabaka saba za ardhi, na haikumwekea miaka ya kusamehewa. Na muda wenyewe hauanzi kuhesabiwa mpaka mwenye haki awe anaweza kusema. Kimya cha asiyeweza kusema si ridhaa.

WASIOKUWEPO NA WALIOONDOLEWA

Kwa nini tunalikazania hili kwa Ngara na Biharamulo kuliko kwingine? Kwa sababu historia ya wilaya hizi ni historia ya watu kuondoka na kuondolewa.

Wakati wa Operesheni Vijiji wananchi kwa mamilioni walihamishwa nchi nzima, wengi wao kwa lazima. Sheria ya mwaka 1999, katika kifungu cha 15, imethibitisha migao yote ya ardhi iliyofanywa vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, hata ile iliyofanywa kinyume cha sheria, na ikazima haki za waliokuwa na ardhi hiyo kabla. Tunafahamu sababu yake. Waliogawiwa nao walihamishwa, na baada ya miaka ishirini na zaidi kuwang'oa kungezaa dhulma mpya. Lakini Abu Yusuf alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid, katika Kitab al-Kharaj, kwamba kiongozi hana ruhusa ya kutoa kitu mkononi mwa mtu isipokuwa kwa haki iliyothibiti na kujulikana. Kwa mizani hiyo, njia iliyo karibu na uadilifu ilikuwa kumwacha aliyepo na kumfidia aliyeondolewa. Sheria imefanya la kwanza na haikufanya la pili.

Kisha ikaja Aprili 1994. Ndani ya takriban siku moja, tarehe 28 na 29, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Eneo la Benaco likageuka mji wa mahema, na makambi mengine yakafuata. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao mwishoni mwa mwaka 1996, na wale wa Burundi waliendelea kuwepo Lukole kwa miaka mingi baadaye. Palipowekwa kambi, palisimama kilimo na malisho. Je, mwenye shamba aliyesimamishwa hivyo ataambiwa kwamba ukalio wake ulikatizwa, na miaka yake ianze upya? Sisi tunasema hapana. Kukatizwa kunakoondoa haki ni kule kwa mwenyewe kuacha kwa hiari.

Na Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, iliyolenga kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Miongoni mwa walioondoka walikuwemo watu waliokaa nchini miongo kadhaa, wenye wake na watoto Watanzania. Sheria haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ya kijiji, na hilo hatuligombi. Lakini mke aliye raia na watoto waliozaliwa naye hawakuwa wahamiaji. Jirani aliyesogeza mpaka wake mwaka ule, kwa kuwa mwanamume wa nyumba ile hakuwepo, asidhani kwamba miaka 12 iliyofuata imemsafisha. Mjane wa hali hiyo, anayehofia kuulizwa uraia wa watoto wake akifika ofisini, ni yule yule ambaye Majalla imempa udhuru.

DADA KATIKA SHAMBA LA BABA

Mnyamavu mkubwa kuliko wote yumo ndani ya ukoo. Baba anafariki, kaka mkubwa anabaki shambani, dada wameolewa mbali. Hakuna aliyegawa mirathi. Inapita miaka 15. Linapokuja zoezi la kupima, kaka anasema: mimi ndiye niliyekaa, andikeni jina langu.

Sheria ya Ukomo inamtisha dada huyu kuliko anavyojua, kwa sababu katika madai ya ardhi ya marehemu saa ya miaka 12 huanza kuhesabiwa tangu siku ya kifo. Upo mwanya wa kumwomba Waziri mwenye dhamana ya sheria aongeze muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, lakini ni wanawake wangapi wa kijijini watakaoifikia meza ya Waziri?

Katika fiqhi jambo hili liko wazi. Mrithi aliyebaki katika mali isiyogawanywa ni mshirika, na mkono wake ni mkono wa amana kwa wenzake. Ndiyo maana Wamaliki waliwatoa ndugu na washirika katika hukumu ya miaka 10, wakaweka baina yao muda mrefu zaidi, wengine wakafikisha miaka 40. Wametambua kwamba ndugu hunyamaza kwa kuoneana haya na kwa kulinda undugu. Dada hakunyamaza kwa kuridhia. Alinyamaza kwa kuwa hakutaka kumshitaki kaka yake.

Wala isisemwe kwamba mila za Kagera haziwatambui wanawake katika ardhi ya ukoo, basi yamekwisha. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliikataa kanuni ya kimila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa baba yake, akaiona inapingana na Katiba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, katika kifungu cha 20, imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Mwislamu ndiye mwenye udhuru mdogo zaidi hapa, kwa kuwa fungu la binti limetajwa katika Qur'ani yenyewe. Kaka anayechukua hati peke yake juu ya shamba la urithi amejiandikia fungu la dada zake, na muhuri wa wilaya haulibadilishi kuwa lake.

ARDHI AMBAYO MUDA HAUIGUSI

Lipo kosa jingine la kauli ya miaka 12, na Biharamulo inalijua vizuri. Kifungu cha 57 kinahusu ardhi ya kijiji. Hakihusu ardhi ya hifadhi. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Aliyelima au kuchunga ndani ya mpaka wa hifadhi, hata kwa miaka 20, hana hati ya kijiji ya kuomba, na dalali anayemuuzia eneo la humo kwa ahadi kwamba hati itakuja, anamuuzia asichokuwa nacho.

Wanafiqhi wameliona jambo la namna hii. Walisema kwamba hima, yaani eneo lililotengwa kwa maslahi ya umma, halihuishwi na mtu binafsi. Vivyo hivyo harimu ya kijiji: malisho yake, mahali pa kuni, njia ya kwendea maji. Mtu akiyazungushia uzio hawi mmiliki hata muda ukipita. Nasi tunaongeza kwamba hukumu hii ina pande mbili. Mwananchi asiingie hifadhini, na mpaka wa hifadhi nao usisogezwe juu ya shamba la mwananchi bila fidia, kwa msingi ule ule uliotamkwa katika shauri la Akonaay.

HATI IPATIKANE VIPI

Baada ya ukosoaji, msomaji anastahiki njia. Kijiji kwanza kiwe na mipaka iliyopimwa na cheti cha ardhi ya kijiji, kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi, na kiwe na masjala. Kisha mwenye shamba anaomba kwa halmashauri ya kijiji. Shamba linahakikiwa mbele ya majirani, mipaka inaonyeshwa, pingamizi zinasikilizwa, na hati ya hakimiliki ya kimila inatiwa saini na uongozi wa kijiji na kusajiliwa wilayani. Ukitokea mgogoro, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, linasuluhisha tu. Kuamua kunaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Aliyekaa muda mrefu ajiandae kwa ushahidi wa matumizi, kama alivyoeleza Nawawi: miti aliyoipanda na umri wake, nyumba, makaburi, karatasi yoyote ya mauziano hata ya mkono, na majirani wazee wasikilizwe wangali hai. Aseme kweli namna alivyoingia. Aliyeazimwa aseme ameazimwa, kisha amtafute mwenyewe au warithi wake, wauziane au wasameheane kwa maandishi. Kufanya hivyo ni kwepesi kuliko kesi, na kuna salama ya dunia na Akhera.

Lakini jambo tunalolisisitiza kuliko yote limo tayari ndani ya sheria, nalo ndilo linalosahauliwa. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaipa kamati ya uhakiki ya kijiji wajibu wa kulinda maslahi ya wanawake, wasiokuwepo, watoto na wenye ulemavu, na kuzingatia hata haki ambayo hakuna aliyejitokeza kuidai. Maneno hayo yanakaribiana sana na orodha ya nyudhuru katika Majalla. Kamati ikiridhika na waliofika uwanjani siku ile, imefanya nusu ya kazi yake. Iulize kwa kila shamba: lilikuwa la nani kabla? Alikwenda wapi, na kwa nini? Marehemu aliacha mabinti wangapi, nao wako wapi? Majina ya wasiokuwepo yaandikwe pembeni ya majina ya waliopo, na hati ya shamba la urithi lisilogawanywa iandikwe kwa jina la warithi wote.

Pwani ya Kenya imetuachia fundisho. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda ule wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wengi hawakudai, wengine kwa kutojua, wengine kwa kutoamini kwamba mtu anapaswa kuomba kilicho chake. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wajukuu wao bado wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya mababu zao. Daftari lile liliandikwa kwa kusikiliza waliosema tu.

Maimamu wa Ngara na Biharamulo wanaweza kulizuia hilo lisitokee kwao. Kabla ya zoezi la upimaji kufika kijijini, hutuba moja ya Ijumaa iwatake wenye mashamba ya urithi wakutane na dada zao kwanza, na iwatake walioshika amana za waliohama wazitaje hadharani. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.